Baiskeli Yangu ya Kwanza ya Mbio, na Bajeti Iliyokuwa Ikivutika

Nilianza na shilingi 700,000. Ndizo zilizobaki mwezi wa Desemba baada ya kikoba chetu kuvunjwa, kila mwanachama kuchukua mgao wake, na mimi kutoa kwanza ada ya mtoto na gharama ya mabati ya jiko la mama. Niliziweka kwenye bahasha na kuandika juu yake neno moja, "baiskeli", kwa sababu naifahamu nyumba yetu: fedha isiyo na jina hugeuka mchele na gesi kabla juma halijaisha. Kufikia mwisho wa Machi nilikuwa nimetumia 1,330,000, na kati ya bahasha ile na siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningependa mtu mwingine wa Arusha, au wa mji wowote wenye lami, vumbi na mafundi kama wetu, ayapate kabla ya kufungua bahasha yake.

Hamu yenyewe ilitoka Kigali. Septemba 2025 mji huo uliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, nami niliitazama siku ya mwisho kwa simu nikiwa nimekaa barazani, wanaume wakizunguka kilomita 267.5 za milima hadi Tadej Pogačar wa Slovenia alipomaliza wa kwanza. Nilikwisha kumfahamu Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua 3 za Tour de France ya mwaka 2024 na kuitwaa jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi, lakini Ufaransa ni mbali, ilhali Kigali ina udongo mwekundu kando ya lami kama tulionao sisi. Siku moja kabla ya hapo nilikuwa nimewaona wanawake, wakiwemo wasichana wa Rwanda na Ethiopia, wakipanda vilima vilevile, na hapo ndipo wazo lilipogeuka kuwa mpango.

Baiskeli sikuanza kuijua siku hiyo. Nilijifunzia kwenye Phoenix ya marehemu baba, mguu mmoja ukipita chini ya bomba la juu kwa sababu kiti sikukifikia, na kwa miaka sita nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli ya milimani kutoka Ngaramtoni. Nafundisha fizikia na hisabati. Nilichotaka sasa kilikuwa kitu tofauti: baiskeli nyepesi yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, ya kutoka nayo Jumapili alfajiri kabla ya ibada, kushuka hadi Tengeru kwa barabara ya njia nne, kuzunguka kwa barabara ya mchepuko yenye kilomita 42, na siku moja kufika Makuyuni na kurudi.

Sasa kuhusu kuvutika kwa bajeti. Ukienda kwa muuzaji na laki saba atakuambia, kwa heshima zote, "Dada, ongeza laki na nusu tu, unapata kitu cha maana." Ukimpelekea laki nane na nusu, yupo mwingine mwenye ya milioni moja na laki moja, na nyuma yake yupo mwenye ya milioni moja na laki nane. Ugumu ni kwamba wote wanasema kweli. Kila ngazi ina kitu bora kuliko ile ya chini yake, na hakuna ngazi ambayo mtu anaweza kusema hapa ubora umekwisha. Kwa hiyo niliona sitapata msaada wowote kwa kuuliza kama baiskeli ya ghali zaidi ni nzuri zaidi. Jibu ni ndiyo siku zote. Nilichoanza kuuliza ni kila laki ninayoombwa kuongeza inanunua nini hasa, na kitu hicho kinahitajika na mwili wangu, na barabara yangu au na fundi wangu. Kama hakihitajiki na yeyote kati ya hao watatu, laki hiyo inabaki kwenye bahasha.

Ngazi ya chini kabisa nilipita upesi. Zipo baiskeli mpya kabisa, za 450,000 hivi, zenye usukani wa pembe na rangi ya kuvutia, ambazo kwa mbali mtu huwezi kuzitofautisha na za mbio. Nilipoinyanyua moja niliiona nzito kuliko ile yangu ya milimani. Fremu ni ya chuma cha kawaida, na gia za nyuma ni frihwili ya kuskurubiwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, muundo ambao huacha kipande kirefu cha ekseli bila beringi ya kukishikilia upande wa kulia, ndiyo maana ekseli hizo hupinda mtu anapopita juu ya matuta mara nyingi. Mtu anayekwenda dukani na kurudi haitamsumbua. Mimi nilikuwa na mpango wa kilomita 60 kwa siku moja.

Baiskeli ya pili ndiyo iliyonifundisha zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Ilikuwa ya chuma chembamba, ya miaka ya zamani, bluu, iliyoshuka na kontena la mtumba kutoka Ulaya, na bei yake ilikuwa 700,000 kamili, kana kwamba muuzaji aliichungulia bahasha. Niliipenda mara moja. Waendeshaji wengi husema chuma kizuri chembamba humeza mtikisiko wa barabara kuliko alumini, fundi mwenye gesi anayeijua kazi yake anaweza kukiunga, na fremu ile ilikuwa ya kipimo changu. Matairi yalikuwa yamechakaa, lakini muuzaji alisema, "Hii ni saizi ya 28, kama ya Phoenix, tairi zake zimejaa sokoni." Nilimwomba aniruhusu nimwite fundi wangu wa mtaa wa Sakina kabla ya kulipa.

Fundi huyu ni mzee ambaye alianza kazi wakati baiskeli ndiyo ilikuwa usafiri wa mwalimu, wa karani na wa padri. Hakutazama rangi wala gia. Aliinama, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa kidole, akasoma, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii ni 27. Hutapata." Na alikuwa sahihi, kwa sababu ambayo mtu yeyote anayenunua baiskeli ya mtumba anapaswa kuielewa. Majina ya inchi ni ya mazoea tu na hayamwambii mtu kipimo halisi. Kipimo cha kweli ni kile cha namba mbili kinachoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 28-622: ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokaa kwenye rimu. Tairi la Phoenix, linaloitwa 28 kwa moja na nusu, lina 635. Lile la zamani la inchi 27 lina 630. La baiskeli za mbio za leo, linaloitwa 700C na ambalo nalo watu huliita 28, lina 622. Milimita 8 zinaonekana ndogo mtu akizitazama kwenye rula, lakini tairi la 622 halitapanda kwenye rimu ya 630 hata livutwe na watu wawili, na la 635 ukilivalisha kwenye rimu ya 622 litalegea na kuchomoka ukianza kulijaza upepo. Kwa maneno mengine, baiskeli ile ya bluu ingekuwa nzuri hadi tairi lake la kwanza litakapokufa, na baada ya hapo ningekuwa naagiza tairi kutoka nje ya nchi au nabadilisha rimu zote mbili, nikitafuta na breki zenye mikono mirefu zaidi ili zifikie chini.

Niliiacha kwa huzuni, lakini niliondoka na kanuni ya kwanza: rimu iwe 622. Hiyo ndiyo iliyohalalisha kuivuta bajeti kwa mara ya kwanza, kwani sikuona nyingine ya 622 iliyo nzima kwa laki saba.

Ya tatu ilikuwa ya alumini, foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kaboni, nyeupe, imetunzwa vizuri, na bei yake ilikuwa imeshuka hadi 850,000. Ilikuwa imeshuka kwa sababu fremu yake ilikuwa ya kipimo cha sentimita 58 na watu warefu wa kuifikia si wengi. Wakati huo nilikuwa nimeshajipima, na nashauri kila mtu ajipime nyumbani kabla ya kwenda kuona baiskeli yoyote, maana mbele ya baiskeli nzuri mtu hupoteza uwezo wa kuhesabu. Simama peku, mgongo ukutani, weka kitabu kigumu katikati ya miguu na kukipandisha hadi kibane kama kiti cha baiskeli kinavyobana, kisha mwenzako aweke alama ya penseli ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Mwanangu ndiye aliyeniwekea alama. Kutoka sakafuni hadi hapo nilipata sentimita 77. Ukizidisha kwa 0.67 unapata takriban kipimo cha fremu, nami nilipata 51.6, yaani 52. Ukizidisha kwa 0.883 unapata urefu wa kiti kutoka kitovu cha krenki, yaani mikono inayoshika pedali, nami nilipata 68. Ni makadirio, na umbo la fremu za kisasa hulazimisha kuangalia pia urefu wa bomba la juu, lakini makadirio hayo yanatosha kumwonyesha mtu wa 52 kwamba 58 si yake.

Muuzaji aliniambia nitaizoea. Tena aliniambia kiti kinashuka. Ni kweli kiti kinashuka, lakini kukishusha hakukuleti usukani karibu, na kwenye baiskeli ya mbio tatizo kubwa la fremu ndefu liko mikononi: nilipoishika pale juu ya breki viwiko vyangu vilinyooka kabisa, mabega yakapanda hadi masikioni, na vidole vyangu havikuufikia mkono wa breki vizuri nilipoinama chini kwenye pembe. Mtu akishuka mteremko wa kutoka Ngaramtoni na vidole visivyofika kwenye breki, uzuri wa fremu hautamsaidia. Ipo njia ya kufunga shingo fupi ya usukani, lakini ikifupishwa mno baiskeli huanza kugeuka kwa woga, na fremu bado ni ile ile kubwa. Nadhani kipimo ndicho kitu pekee kwenye baiskeli kisichoweza kununuliwa baadaye. Tairi, cheni, gia, kiti, hata magurudumu, vyote mtu anaweza kuvibadilisha kidogo kidogo mshahara ukiruhusu; fremu ukikosea umekosea.

Kisha ikaja ile ya milioni moja na laki nane. Mgeni aliyekuwa akimaliza mkataba wake hapa mjini alikuwa akiuza baiskeli ya kaboni, ya kipimo cha 52, yenye gia za Shimano 105 za vyuma 10 nyuma, na mtu aliyenipeleka aliniambia nyumbani kwao ingeuzwa mara mbili ya hapo. Ilinifaa mwili. Niliizungusha uani kwa dakika kumi na nikashuka nikiwa nimeshaamua kukopa kikundini. Kikoba chetu kipya kilikuwa kimeanza mzunguko, mkopo ungepatikana, riba yake naijua, na marejesho yangekwisha Oktoba.

Usiku ule nilichukua karatasi na kufanya hesabu ambayo huwapa wanafunzi wangu. Mimi nina kilo 64. Nguo, maji na vifaa ni kilo 2. Baiskeli ya kaboni ilikuwa na kilo 8, na ya alumini ya kawaida ina kilo 10 hivi. Kwa jumla ni kilo 74 dhidi ya 76. Katika mlima, karibu nguvu yote huenda kwenye kuinua uzito, kwa hiyo tofauti ni asilimia 2.6: mpando unaonichukua dakika 40 ningeumaliza dakika moja mapema. Kwenye tambarare hakuna hata hiyo, kwa sababu huko adui mkubwa ni upepo, na upepo haujali baiskeli ina kilo ngapi. Dakika moja kwa mlima, kwa mkopo wa miezi saba. Kwa mkimbiaji wa mashindano dakika moja ni kila kitu, nami nalisema hilo kwa heshima. Kwangu haikuwa hivyo.

Yalikuwepo na mambo mengine mawili. La kwanza, kaboni iliyowahi kuanguka inaweza kuwa na ufa ndani usioonekana kwa nje, nami sikuwa na njia ya kuijua historia yake wala hapa mjini sijui mtu wa kuipima. La pili lilikuwa gia zenyewe. Mbele zilikuwa na meno 53 na 39, nyuma kubwa kabisa ilikuwa na meno 25. Gia nyepesi kuliko zote, 39 kwa 25, humsogeza mtu mita 3.3 kwa kila mzunguko wa pedali. Zile zenye 34 mbele na 32 nyuma humsogeza mita 2.2. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda kuelekea Oldonyo Sambu umekaa kitini ukipumua, na kupanda umesimama juu ya pedali hadi magoti yalie. Baiskeli ya ghali zaidi niliyoiona ndiyo iliyokuwa na gia zisizonifaa kuliko zote, kwa sababu aliyeichagua mwanzoni alikuwa na miguu mingine na nchi nyingine.

Hapo ndipo nilipoanza kuzungumza na mafundi kabla ya kuzungumza na wauzaji. Mafundi wetu wanajua vizuri sana baiskeli za milimani zenye gia 6, 7 au 8 nyuma, na cheni zake huuzwa kwenye boksi moja kwa sababu upana wake wa ndani ni ule ule. Gia za Shimano za baiskeli za mbio zina ngazi zake: Claris ina vyuma 8 nyuma, Sora 9, Tiagra 10, na 105 ina 10 kwa zile za zamani, 11 kwa zilizofuata na 12 kwa zile za karibuni. Kadiri vyuma vinavyoongezeka katika nafasi karibu ile ile, ndivyo cheni inavyokuwa nyembamba, kaseti, yaani seti ya vyuma hivyo vya nyuma, inavyokuwa ghali, na waya inavyopaswa kurekebishwa kwa uangalifu zaidi. Watu wanaosoma habari za baiskeli huiona Claris kama ngazi ya wanaoanza. Mimi naiona kama ngazi pekee ambayo cheni yake nimeikuta soko la Kilombero siku ya Jumamosi jioni bila kumpigia mtu simu Nairobi. Mzee wangu wa Sakina aliniambia kwa maneno machache, "Niletee ya nane, nitaitunza mpaka wajukuu wako." Nilimwamini.

Niliyoinunua ni Specialized Allez, fremu ya alumini, kipimo cha 52, foki ya kaboni, breki za kubana rimu, gia za Claris, meno 50 na 34 mbele, nyuma kutoka 11 hadi 32. Muuzaji alitaka 1,150,000. Nilikwenda na fundi, rula ya chuma na tochi ya simu. Tuliigeuza juu chini na kumulika kwenye viungio, hasa pale bomba la chini linapokutana na shingo, ambako nyufa na mikunjo ya ajali hujitokeza kwanza, na tukapapasa rangi kwa vidole maana mara nyingine kidole huona kabla ya jicho. Tulizungusha magurudumu tukitazama kama yanayumba kati ya mipira ya breki. Tulipitisha ukucha ubavuni mwa rimu, kwa sababu rimu iliyoliwa na breki kwa miaka hubonyea na mwisho hupasuka ikiwa na upepo ndani. Nguzo ya kiti tuliichomoa yote kuhakikisha haijagandia ndani ya fremu, jambo ambalo huzipata baiskeli nyingi za alumini zilizokaa muda bila kuguswa.

Cheni tuliipima kwa rula. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo hatua 24 zinapaswa kuwa inchi 12 kamili. Yetu ilikuwa imezidi kidogo sehemu moja ya kumi na sita ya inchi. Maana yake cheni imekwisha kazi na inabadilishwa, lakini haijafika sehemu moja ya nane, ambapo ingekuwa imeshayala na meno ya kaseti. Nilimwonyesha muuzaji kwenye rula yake mwenyewe. "Kaka, cheni hii nitaitupa kesho, na mipira ya breki ni hii unayoiona," nikamwambia, naye hakubisha, tukakubaliana 1,080,000. Nilimwomba tuandikishane hati ya mauziano yenye namba iliyogongwa chini ya krenki, jina lake, langu na la shahidi, maana baiskeli za mtumba hupitia mikono mingi na sikutaka siku moja kusimamishwa barabarani nikaulizwa nilikoitoa bila kuwa na karatasi.

Zile shilingi 380,000 za kuongeza juu ya bahasha, na nyingine zilizofuata, sikuzikopa. Niliiuza baiskeli ya milimani kwa 180,000 kwa mwalimu mwenzangu, nikauza magunia 3 ya mahindi kwa 70,000 kila moja, na kwa miezi mitatu nikaweka 80,000 kila mwezi. Kusubiri miezi mitatu kulinisumbua kuliko kitu chochote katika habari hii yote, kwa sababu kila wiki kulikuwa na baiskeli iliyouzwa kwa mtu mwingine. Lakini ni miezi hiyo hiyo iliyonipitisha kwenye 27, kwenye 58 na kwenye kaboni, na kama ningekuwa na fedha zote Desemba ningekuwa leo namiliki mojawapo ya hizo.

Hesabu nyingine ambayo wanaoanza huisahau ni ile ya vitu visivyomo kwenye bei. Kofia ngumu ilinigharimu 80,000, na hiyo sikubembeleza bei. Cheni mpya 35,000. Tyubu tatu 45,000. Pampu 40,000. Mipira ya breki 20,000. Taa za mbele na nyuma 30,000. Jumla ni 250,000, karibu robo ya bei ya baiskeli yenyewe, na hakuna hata kimoja ambacho ningeweza kukiacha. Mtu mwenye milioni moja ana baiskeli ya laki saba na nusu, na ni afadhali ajue hivyo siku ya kwanza. Viatu maalumu vya kufunga kwenye pedali sikununua. Nimefunga pedali bapa za kawaida nami naendesha kwa raba, na mpaka sasa sijaona ninachokosa.

Kuhusu pampu na tyubu kuna jambo la kuangalia. Tyubu za baiskeli za mbio huwa na vali nyembamba yenye skurubu ndogo juu, na pampu za mafundi wa kando ya barabara hushika vali nene kama ya gari au ile ya zamani ya Phoenix. Kipo kishikizo kidogo cha shaba kinachoskurubiwa juu ya vali nyembamba na kuifanya ishike pampu ya vali ya gari. Ninavyo viwili, kimoja kwenye mfuko wa chini ya kiti na kingine nyumbani, na katika vitu vyote nilivyonunua hakuna kilichokuwa na bei ndogo hivyo na faida kubwa hivyo.

Matairi ndiyo sehemu ambayo barabara zetu zina neno la mwisho. Baiskeli ilikuja na ya milimita 25, magumu, yanayotaka upepo wa paundi 85 kwa uzito wangu. Kwenye njia nne za Sakina hadi Tengeru yanateleza vizuri, mpaka ufike kwenye matuta madogo madogo yanayofuatana, yale yanayopigwa kabla ya tuta kubwa, ambapo mikono hufa ganzi. Upande wa Kisongo na barabara ya mchepuko kuna jambo lingine, migunga. Ng'ombe na mbuzi wanapita, matawi yanaanguka, na mwiba wa mgunga hupenya tairi jembamba kama sindano kwenye kitambaa. Juma la kwanza nilipata pancha mbili, ya pili nikiwa nimebakiwa na tyubu moja na kilomita 20 za kurudi. Baada ya hapo nilibadilisha nikaweka ya milimita 28 yenye ukanda mgumu wa kuzuia miiba, ambayo ndiyo mapana zaidi yanayoingia kwenye fremu hii kukiwa na nafasi ya kupitisha tope kidogo, na nikashusha upepo hadi 70. Kama ningekuwa nachagua leo, jambo moja ambalo ningeongezea fedha bila kusita ni fremu inayoweza kumeza tairi la 32. Ndilo swali ambalo sikulijua wakati wa kununua. Fremu za aina hiyo zipo, nyingi zikiwa na breki za diski, na mtu anayeishi kwenye barabara kama zetu azitafute kwanza kabla ya kutafuta wepesi.

Nikiwa bado kwenye breki: baiskeli zinazotoka bara la Ulaya mara nyingi huwa na breki ya mbele mkono wa kushoto, na zile za Uingereza mkono wa kulia. Yangu ilikuwa ya kushoto. Nilizunguka uwanja wa shule asubuhi tatu, nikifunga breki polepole, mpaka mkono ulipokubali, ndipo nilipotoka barabarani.

Jumapili iliyopita nilifika Makuyuni. Niliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa ikiwaka, nikapita Kisongo kabla ya malori kuanza, na jua lilipochomoza lilikuwa mgongoni na barabara yote mbele yangu ilikuwa tupu. Nilikunywa chai ya rangi kwa mama mmoja stendi, akaniuliza kama nimeagizwa, na nilipomwambia hapana, nimekuja tu, alinijazia kikombe cha pili na kukataa hela yake. Kurudi kulikuwa kwa upepo wa mbele na kulinichukua saa moja zaidi. Cheni nilipoipima jana ilikuwa bado inchi 12 kamili, na inayofuata nimekwisha kuinunua. Imo kwenye droo ya meza ya jikoni, ndani ya boksi lake, karibu na ile bahasha.